Nani Kachagua Mawe ya Kupima?

Mkwajuni, Songwe
6 Julai 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma jana jioni nikiwa karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, nikaona nisikujibu kwa simu. Kwenye simu wewe una haraka na mimi sina maneno mafupi. Nyumbani hatujambo wote. Mama yako ameshauza ufuta, ada yako ya muhula ujao kaiweka pembeni na hataki mtu aiulizie. Bibi yako anakusalimu. Anasema ukirudi likizo upitie Mbalizi umchukulie dawa ya kuchua magoti, maana ya huku anadai haina ukali.

Sasa tuje kwenye hiyo laki tatu uliyoniomba. Umeniambia kuna kundi la uwekezaji kwenye WhatsApp: mtu akiweka fedha analipwa asilimia 5 kila siku, na akileta watu watano anaongezewa. Ukanitumia na ushahidi: picha za miamala, sauti ya dada mmoja analia kwa furaha, na kijana aliyesimama na bodaboda mpya ambayo bado ina nailoni kwenye siti. Ukamalizia, "Mjomba, watu wanalipwa kweli, nimewaona kwa macho yangu."

Nakuamini kwamba umewaona. Wala sina shaka kwamba wapo waliolipwa. Swali langu ni jingine: hao uliowaona, nani kakuchagulia?

Wewe umekulia kwenye vumbi la karasha, kwa hiyo unajua mambo yanavyokuwa mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, anapotafuta mfadhili. Anakuja na mawe matatu mfukoni. Ukiyatwanga na kuyaosha kwenye karai, dhahabu inabaki chini mstari mzima, hata mtoto anaiona. Mgeni akiona hivyo anatoa hela. Mtu wa hapa hatoi. Anasema, hayo umeleta wewe, asante. Sasa twende nikachukue ya kwangu. Anashuka mwenyewe. Anagonga jiwe upande huu, anagonga upande ule, anagonga na pale ambapo mwenye duara anamwambia "hapo achana napo." Kila fungu analitia kwenye kiroba chake, analiwekea alama, analisaga peke yake. Hajamwita mtu mwongo. Yale mawe matatu huenda yalitoka humo humo kweli. Lakini mawe aliyoyachagua muuzaji yanakuonyesha muuzaji anavyojua kuchagua. Habari za mwamba bado hujazipata.

Kampuni kubwa nazo hufanya vivyo hivyo kwa mitambo. Mgodi kama huu wa New Luika, ulioanza kuzalisha hapa wilayani kwetu mwaka 2012, hauchimbwi kwa sababu mtu kaokota jiwe zuri. Wanajiolojia hutoboa ardhi kwa mistari iliyopangwa kwenye ramani, hata pale pasipovutia macho, na shimo lililotoka tupu linaandikwa daftarini sawasawa na lile lenye dhahabu. Hayo mashimo matupu ndiyo yanayowaambia mwamba unaishia wapi.

Nafikiri hapo ndipo ilipo kazi yote ambayo walimu wako wanaiita fikra tunduizi. Kinachonishangaza ni kwamba mtu yule yule usiyeweza kumdanganya shimoni, akifika nyumbani na kufungua simu, anatoa akiba yake bila kugonga jiwe hata moja. Ujuzi anao, ila anauacha machimboni pamoja na nyundo. Mimi nataka wewe utembee nao.

Mwaka 2009 ulikuwa hujaanza hata chekechea, kwa hiyo jina la DECI huenda halikuambii kitu. Muulize mama yako. Ilikuwa taasisi iliyoendeshwa na wachungaji, na lugha yake ilikuwa ya shambani: ulikuwa huweki fedha, ulikuwa unapanda mbegu, ulikuwa hulipwi, ulikuwa unavuna. Na watu walivuna, tena kwa wingi kuliko walichopanda. Wakarudi mtaani na kanisani wakasema, na kila aliyesikia alikuwa anamfahamu aliyesema. Shida ni kwamba shamba halikuwepo. Mavuno ya mtu wa kwanza yalikuwa ndiyo mbegu ya mtu wa pili. Serikali ilipoisimamisha mwaka huo huo na viongozi wake wakafikishwa mahakamani, watu wengi walikuwa wamepanda na hawajavuna. Sasa angalia jinsi ushahidi ulivyokuwa umejipanga. Aliyevuna alikuwa na la kushuhudia. Aliyepanda wiki ya mwisho alinyamaza kwa aibu. Ungeweza kukusanya shuhuda mtaa mzima, ukapata waliofanikiwa watupu, na usiwe umeambiwa uongo hata mmoja.

Chukua kalamu, maana hesabu unaziweza kuliko mimi. Asilimia 5 kwa siku, ukiiacha faida nayo izae, fedha inajirudufu karibu kila baada ya wiki mbili. Laki tatu inakuwa laki sita, inakuwa milioni moja na laki mbili, inakuwa milioni mbili na laki nne. Mpaka hapo ni habari njema. Endelea. Ukitimiza mwaka utakuwa na zaidi ya shilingi trilioni 16. Ukivumilia siku 26 za ziada utakuwa umeipita bajeti nzima ya serikali ya mwaka wa fedha 2025/26, trilioni 56.49, barabara na mishahara ya walimu humo humo. Na kama watasema faida yao hairuhusiwi kuzaa, bado watakulipa zaidi ya mara kumi na nane ya mtaji wako kwa mwaka, wakati serikali yenyewe ikikopa kwa wananchi kupitia hatifungani haifikishi asilimia 20. Mtu mwenye biashara ya namna hiyo anatafutia nini laki tatu ya mwanafunzi?

Hao watano wa kuleta nao wahesabu. Wewe ulete watano, kila mmoja wao alete watano wake. Hatua ya tisa inahitaji watu 1,953,125. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu mkoa wetu mzima wa Songwe, na vichanga wakiwemo, ikapata kama milioni 1.3.

Utaniambia aliyekuingiza kwenye kundi ni mtu mwema, mnasali naye. Sibishi. Ila wema wa mtu na ukweli wa jambo ni vitu viwili. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapile, alisema kule Samunge, Loliondo, kwamba Mungu amemwotesha dawa ya magonjwa sugu: ukimwi, kisukari, saratani, pumu. Kikombe kimoja, shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, watu wakalala porini, wapo waliofia njiani, na kwenye foleni ile walikuwemo maskini na viongozi. Shilingi 500 si bei ya tapeli. Wengi waliomwona walimwona mzee mnyofu, na ameshatangulia mbele ya haki mwaka 2021. Lakini unyofu wa anayenywesha hauwezi kupima damu ya anayekunywa. Ili tujue kikombe kinaponya, ingebidi waandikwe waliokunywa wote, wapimwe kabla, wafuatwe makwao baada ya miezi kadhaa, wahesabiwe waliopona na wasiopona. Kilichotufikia sisi ni sauti ya aliyejisikia nafuu. Aliyeacha vidonge vyake akazidiwa kijijini kwao hakupanda gari kurudi Samunge kulalamika.

Tena ilisemwa kwamba dawa ile inafanya kazi pale pale tu, kutoka mkononi mwa mzee mwenyewe. Sharti la namna hiyo lishike kichwani. Jambo likisemwa kuwa ni kweli mahali pale tu ambapo huwezi kulipima, funga pochi kwanza, maswali yafuate.

Wala usidhani hizi ni habari za watu wasiosoma. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, iliyokuwa imebanwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilileta Tanganyika wataalamu watatu wakiongozwa na John Wakefield. Walizunguka wiki tisa, sehemu kubwa ya ardhi wakiiangalia kutoka kwenye ndege, wakarudi na mpango wa kulima karanga kwenye mamilioni ya ekari. Kongwa ikafyekwa kwa matrekta. Mvua haikutosha, ardhi ikakauka na kuwa ngumu, karanga zikakwama humo humo. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, umeshameza zaidi ya pauni milioni 30. Wagogo walioishi na ukame wa Kongwa vizazi na vizazi walikuwepo muda wote, chini ya ile ndege.

Lakini nisikuache ukadhani kufikiri ni kukataa tu. Mwaka 1963, shule ya sekondari Magamba kule Lushoto, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Maziwa yanachemshwa na sukari, yanaachwa yapoe, ndipo yanawekwa kwenye friji. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Kijana mmoja, Erasto Mpemba, akaona akisubiri yapoe atakosa mahali, akayaingiza ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaja kuuliza tena alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Darasa likapata utani wa kumcheka nao. Siku alipokuja mgeni kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, Mpemba akasimama mbele ya wote akauliza swali lile lile. Wenzake wakaona aibu kwa niaba yake. Osborne hakumkubalia, wala hakumcheka. Aliporudi Dar akamwagiza fundi wake wa maabara ajaribu. Fundi akaleta majibu: ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, lakini usijali, nitarudia jaribio mpaka nipate jibu sahihi.

Huyo fundi namwogopa kuliko yule mwalimu, kwa sababu ndiye anayefanana na mimi na wewe. Jambo tusilolitaka tunalipima mara kumi, tukitafuta kosa. Jambo tunalolitaka tunalipima mara moja, likikubali tunafunga daftari. Wewe hilo kundi umelipima mara ngapi? Nakuuliza bila kukusuta. Ukijua unatamani nini, umeshajua ni wapi utakapopima kwa ulegevu.

Mpemba na Osborne walichapisha matokeo yao mwaka 1969, na mpaka leo jambo lenyewe linaitwa kwa jina la kijana yule duniani kote. Ningeweza kuishia hapo ukafurahi. Lakini mwaka 2016 watafiti wawili kule Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walirudia majaribio kwa uangalifu mkubwa, na hawakuona maji ya moto yakipoa haraka kuliko ya baridi. Wakaonyesha kwamba ukisogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini ndani ya chombo, unaweza kupata jibu tofauti. Wataalamu bado wanabishana. Basi Mpemba alikosea? Hata kidogo. Aliona kitu, akauliza, akajaribu, akaandika ili wengine wapime, na wengine wakapima. Aliyewaangusha wanafunzi wake ni yule aliyejibu bila kuwasha friji. Na ona lilivyorudi swali letu la duara: umeligonga jiwe upande gani?

Mazoea haya ukiyashika, utaona yanakufaa kila mahali. Mdogo wako ameanza kuja mwaloni, tunakooshea dhahabu, siku za Jumamosi, na juzi nilimfukuza karibu na moto wa mtu aliyekuwa akichoma dhahabu aliyoikamatisha kwa zebaki. Akanibishia: mzee fulani amechoma zebaki tangu ujana wake na bado anatembea. Nikamuuliza, wenzake aliokuwa akichoma nao wako wapi? Hakujua. Sisi tunamwona aliyebaki, kwa sababu aliyebaki ndiye anayekaa kijiweni kusimulia. Mvuke wa zebaki hauonekani, unaharibu mishipa ya fahamu na figo, na kwa mjamzito unamfikia mtoto tumboni. Na huku kwetu watu huichoma hata kwenye jiko la kupikia ugali. Vivyo hivyo wanaposema fulani alipata dhahabu kwa sababu ya mganga, waulize ni wangapi walikwenda kwa mganga huyo huyo wakaondoka Mkwajuni na nguo walizovaa tu.

Jihadhari pia na yule anayejiona mjanja kwa kukataa kila kitu. Unamjua: daktari anadanganya, gazeti linadanganya, chuo kinadanganya, halafu anatumiwa sauti ya dakika mbili na mtu asiyemjua na anaimeza nzima. Hakuna anayeweza kupima kila jambo mwenyewe. Lazima uwaamini baadhi ya watu. Mimi kipimo changu ni hiki: huyu anaandika na mashimo matupu? Daktari anayekwambia dawa hii inashindwa kwa wagonjwa wa aina fulani, mtabiri wa mvua anayesema mwaka ule tulikosea, mfanyabiashara anayekuonyesha na mwezi aliopata hasara, hao wasikilize. Kundi lenye shuhuda za ushindi peke yake, hata kama ni la kanisa, lina mtu anayefuta nyingine.

Kuna jambo moja najua linawakwamisha vijana wetu. Wamelelewa waone kumuuliza mkubwa ni utovu wa adabu. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 aliitaja akili ya kudadisi miongoni mwa mambo ambayo shule lazima iyakuze, na hakuwa mtu wa kufundisha watoto ufedhuli. Adabu iko kwenye namna ya kuuliza. Usimwambie mtu mzima "si kweli." Mwamkie, kaa chini, useme: "Baba, hili uliliona mwenyewe au ulisimuliwa? Na yupo ambaye kwake halikwenda hivyo?" Mzee mwenye jambo lake atafurahi kupata msikilizaji. Akikasirika, hilo nalo ni jibu. Lipokee, usimrudishie maneno. Na mimi uniulize vivyo hivyo. Ukinikubalia kila kitu kwa sababu ni mjomba wako, kesho utamkubalia mwingine kwa sababu ana suti.

Laki tatu ipo. Sijasema sitoi. Fanya hivi kwanza. Kwenye kundi uliza, kwa heshima kabisa na mbele ya watu wote: hizi asilimia 5 zinatoka kwenye biashara gani, imesajiliwa wapi, na kuna mtu aliyetoa mtaji wake wote pamoja na faida akaondoka, ambaye naweza kuongea naye? Halafu toka nje ya kundi utafute mwenyewe watu waliojitoa, hao ambao msimamizi asingekupa namba zao. Andika kila unachopata, kizuri na kibaya, na maswali yaliyokosa majibu. Na kama swali la kwanza tu litakufanya uondolewe kwenye kundi, basi sampuli yako umeshaipata, tena bure.

Au fikiria kazi nyingine ya fedha hiyo: kuna wakati uliniambia hosteli kwenu hakuna mashine ya kuchapa kazi za wanafunzi, mnatembea hadi stendi. Hilo nalo lipime bila huruma. Wiki moja simama uhesabu wanaokwenda stendi ni wangapi, wanachapa kurasa ngapi, wanalipa bei gani, wino unagharimu nini, na usiku wa mitihani umeme unakatika mara ngapi. Ongea na aliyejaribu biashara hiyo akafunga, kuliko anayeendelea nayo. Ukiniletea daftari lenye hesabu hizo, hata zikionyesha hailipi, nitajua fedha yangu nampa mtu wa namna gani.

Na ile hesabu ya trilioni 16 ikague upya. Niliifanya usiku kwa kikokotoo cha simu, bibi yako akiniuliza napiga hesabu za nani. Ukikuta nimekosea, nionyeshe mstari niliokosea, na nitakutumia vocha.

Wasalimie wenzako chumbani. Soma sana, ule vizuri.

Ni mimi mjomba wako.